Watoto wa Kinu

Juzi, nikitoka misa ya asubuhi, nilipita nyuma ya nyumba moja ambako wanawake wawili walikuwa wakipepeta ulezi. Upepo ukanipulizia pumba usoni. Harufu yake ni ya vumbi lenye utamu kidogo, kama mkate uliosahauliwa kabatini, na ukiivuta kwa nguvu ni lazima upige chafya. Nilipiga chafya mara tatu. Wale wanawake wakacheka, wakaniombea baraka, nami nikabaki nimesimama palepale na rozari mkononi, nimekuwa mtoto wa miaka minane tena, uani kwa Mama Veronika, mtaa wa Rwambuzi, hapahapa Bunia.

Naomba mnivumilie. Nimefika umri ambao mtu akianza kukumbuka hajui kufupisha.

Mama Veronika siye aliyenizaa. Mama yangu mzazi aliletwa hospitali Bunia kutoka kijiji chetu, kupita mji mdogo wa Nizi, nami nikiwa bado nabebwa mgongoni. Akalazwa kitanda kilichopakana na cha Mama Veronika. Kwa wiki tatu wanawake hao wawili waligawana uji, blanketi na mimi. Mama alipofariki, baba alikuwa akifanya kazi kwenye dhahabu, analala na wanaume wenzake katika nyumba moja ndefu, na hapakuwa na mahali pa kumweka mtoto wa kike asiyejua hata kusema ana njaa. Mama Veronika alikuwa mjane, mtu wa Mahagi, na watoto aliowazaa alikuwa amewazika wote wangali wachanga. Akamwambia baba, "Muniachie huyu mutoto, mupaka ajue kutwanga."

Baba akakubali. Hawakuandikiana karatasi. Kila mtu wa huku alielewa maana ya maneno hayo: msichana anayeweza kuinua mchi mkubwa na kulainisha ulezi peke yake anaweza kuishi hata katika nyumba isiyo na mama.

Mimi sikujua habari hiyo. Nilijua tu kwamba nina mama mmoja, mrefu, mwenye sauti nzito, anayeimba nyimbo za kanisa kwa Kialur cha kwao akiwa kazini, na kwamba baba ni mgeni anayekuja kabla ya Noeli akiwa na sukari na kitambaa, anakaa kwenye kiti kama mtu aliyeitwa ofisini, kisha anaondoka.

Kinu chetu kilikuwa chini ya ukingo wa paa la jiko. Na hapo ndipo walipokuwa wale ndege.

Huenda mnawafahamu, kwa maana wako kila mahali penye watu na nafaka, ila ni wadogo mno hata mtu huwapita bila kuwatazama. Ni ndege wa kuingia kwenye ngumi ya mtoto. Dume ni mwekundu kama tofali lililolowa, ana vitone vyeupe ubavuni, vichache, mithili ya chumvi iliyomwagika, na jicho lake limezungushiwa uzi wa manjano. Jike ana rangi ya vumbi, na wekundu wake umebaki kwenye mdomo na kidogo mbele ya jicho. Hawali matunda, hawasumbui mashamba. Kazi yao ni kuokota chini mbegu ndogo ndogo za majani, na zile punje zinazoruka kutoka kwenye kinu. Huokota wawili wawili, mume na mke, na mmoja akisogea hatua tatu mwingine humfuata. Baadaye sana sista mmoja alinionyesha picha yao katika kitabu, na jina lao refu la Kilatini, ambalo sikulishika. Mama Veronika aliwaita watoto wa kinu.

Alikuwa na sheria yake. Tukimaliza kutwanga, nikishika ufagio, angeniambia, "Acha kwanza. Batoto ya kinu habajakula." Majirani walifagia mara moja, kwa kuwa kuacha uwanja mchafu ni aibu ya mwenye nyumba. Kwetu uwanja ulibaki na pumba mpaka jua lipande, na wapita njia waliotusema walitusema.

Sasa nifike kwa Roza. Alikuwa binti wa nyumba ya pili, amenizidi miaka miwili, hana ubaya moyoni lakini kinywa chake hakikuwa na mlango. Siku moja tulikuwa tukichota maji, akanisikia nikijisifu kwamba nimeanza kushika mchi mkubwa.

"Weye haujue," akasema. "Siku utajua kutwanga, baba yako atakuja kukukamata, akupeleke kwake."

"Ni uongo."

"Ni mama alisema. Uliachwa pale kama kitu ya kuchungwa tu. Weye haiko wa Mama Veronika."

"Ni uongo, Roza."

"Basi muulize."

Sikumuuliza. Kuna maswali ambayo mtoto hayaulizi kwa sababu anajua jibu litakuwa la kweli. Badala yake, kuanzia kesho yake, nikasahau kutwanga.

Mchi wangu ukawa unagonga ukingo wa kinu. Nikiuinua, unaangukia pembeni. Nikiugeuza, ulezi unaruka na kumwagika mpaka mlangoni. Nilikuwa hodari sana katika kazi hiyo ya kutojua. Mama Veronika alinitazama siku ya kwanza, siku ya pili, siku ya tatu akasema, "Hii mikono ni ya mutoto ama ya bata?"

"Bata haina mikono, Mama."

"Basi ndiyo ile naona."

Lakini hakunikaripia zaidi, wala hakuninyang'anya mchi. Alichukua ungo akapepeta kile kilichosalia.

Wenye kushukuru walikuwa watoto wa kinu. Sidhani kama kulikuwa na mwaka waliokula vile. Walikuja wawili, wakaja wanne, wakawa wengi hadi uwanja ukaonekana kama una makaa yanayorukaruka. Ndipo nilipoona dume mmoja ameokota unyoya wa kuku, ameushika kwa shina lake, ameinua kichwa juu, anaruka juu chini, juu chini mbele ya jike wake bila kuuangusha. Nilimwita Mama aje aone. Alikuja na mikono yenye unga, akasimama nyuma yangu, akacheka polepole. "Iko naposa," akasema. "Mwanaume wangu alileta kitenge. Huyu ameleta unyoya. Ni kitu kimoja tu."

Yule jike alikubali posa. Wakajenga kwenye nyasi za paa la jiko, juu tu ya kinu: mviringo wa majani makavu wenye mlango pembeni, na ndani manyoya ya kuku wetu, laini kama pamba. Ili kuchungulia nilipindua kinu nikapanda juu yake, jambo ambalo halifanyiki, maana mahali pa chakula si pa kuweka miguu. Nilifanya hivyo Mama akiwa shambani. Mayai yalikuwa meupe, matano, madogo kama punje za maharagwe, na moja lilikuwa limenenepa kuliko mengine.

Juu ya mpera uliokuwa karibu na ua, asubuhi zote hizo, aliimba ndege mwingine. Huyo alikuwa mweusi tititi, mweusi wa kung'aa wenye buluu ndani yake, na miguu myekundu. Hakuwa mtoto wa kinu. Lakini nikifumba macho na kumsikiliza nilisikia sauti ileile ya watoto wa kinu, kile kilio chao chembamba, na wimbo wao mfupi, hata ile namna yao ya kushtuka paka akipita. Nilidhani anawadhihaki.

Mayai yakaanguliwa. Kila nilipochungulia niliona midomo iliyo wazi, na ndani ya kila mdomo vitone vyeusi, na pembeni vijipele vinavyong'aa kwenye giza la kiota kama ushanga. Yote ilifanana, kama sahani za nyumba moja. Ila walipoota manyoya, watoto wanne walikuwa wa rangi ya vumbi tupu, na wa tano alikuwa na mistari kichwani, mfano wa mtoto aliyechanwa kwa kitana, na kifua chake kilikuwa kipana.

Nilifanya kosa la kumwonyesha Roza. Alipanda kinu, akachungulia, akashuka akijifuta miguu.

"Ile moja haiko mutoto yao," akasema. "Ona kichwa. Ni ile ndege mweusi iliwatupia. Iko kama weye tu."

Nililia nyuma ya choo mpaka kwikwi zikanichosha. Kisha nikafanya jambo ambalo mpaka leo, nikilikumbuka, sijui nicheke ama nitubu. Tulikuwa tukijiandaa kwa Komunyo ya kwanza, na katekista alikuwa ametufundisha kwamba watu wa zamani, wakitaka kujua mapenzi ya Mungu, walimwomba ishara. Nikapiga magoti jikoni karibu na mafiga. Nikamwambia Mungu hivi: nitamtoa yule mwenye mistari kwenye kiota, nimpeleke kwa ndege mweusi. Ndege mweusi akimchukua mtoto wake, nitajua natakiwa kwenda kwa baba, na nitakwenda. Watoto wa kinu wakimfuata na kumlisha, nitajua nabaki kwa Mama Veronika siku zote. Amina.

Nilimtoa. Alikuwa amekaribia kuruka, wa moto mkononi mwangu, moyo wake ukipiga haraka hata sikuweza kuhesabu. Nikamweka chini ya mpera, kwenye majani mafupi, nikajificha nyuma ya kuni. Ndege mweusi alikuwa juu ya tawi lake. Aliimba, akajikung'uta, akaruka akaenda zake kwenye mpera wa jirani. Hata kutazama chini hakutazama.

Mtoto akainama, akageuza shingo upande kama watoto wote wa aina yao wafanyavyo, akafungua mdomo kuelekea juu, na kulia. Kwa muda mrefu hakukuwa na kitu. Nilianza kufikiri juu ya paka wa kina Roza. Nilikuwa nimekwisha kuinuka nimwokote, ndipo nikasikia kilio chembamba ukingoni mwa paa, na jike mwenye rangi ya vumbi akashuka. Alitua mbali, akasogea, akasogea tena. Akaingiza mdomo wake ndani ya mdomo ule wenye vitone, akamtapikia mbegu. Dume akafika nyuma yake akafanya vilevile. Mtoto akajikokota hadi ndani ya ua wa miti, nao wakawa wakimlisha humo siku zilizofuata, huku wale wanne wakilishwa kiotani.

Nilirudi jikoni nikiwa mwepesi. Mungu alikuwa amejibu, na kwa haraka kuliko nilivyotegemea.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Nilimwaga ulezi ndani ya kinu bila kuambiwa, nikashika mchi mkubwa kwa mikono miwili, nikatwanga. Sikuwa na sababu tena ya kuogopa. Nilitwanga kwa wimbo, mmoja wa nyimbo za Kialur za Mama Veronika, mchi ukishuka katikati kabisa, hakuna punje iliyoruka. Nikageuza, nikatoa, nikapepeta, nikarudisha tena. Nilipoinua uso nilimwona ameketi kwenye kizingiti cha mlango, mikono juu ya magoti. Sijui alikuwa pale tangu lini.

"Nimejua, Mama," nikasema.

"Ninaona," akasema. Akaja akagusa unga kwa kidole, akaongeza, "Ni muzuri sana."

Jumatatu alimpa dereva wa lori la Nizi ujumbe wa kumpelekea baba.

Baba alifika Jumapili iliyofuata, wakati wa mchana, na safari hii hakuleta sukari. Alikuwa amepata nyumba kijijini, mama yake mzazi yuko naye, na amekuja kunichukua. Nilisimama nyuma ya kiti cha Mama Veronika, nimeshika nguo yake. Baba alinitazama, akatazama sakafu. Nadhani aliogopa. Kisha akaniuliza jambo, si kwa Kiswahili, bali kwa lugha ya kwao. Aliniuliza kama namjua yeye ni nani.

Hapa sina budi kuwaeleza juu ya Jumapili zetu, maana sijawaeleza. Kila Jumapili baada ya misa, wakati watoto wengine wakikimbilia nyumbani kula, Mama Veronika alinishika mkono na kunipeleka mtaa mwingine, mwendo wa nusu saa, kwa kizee mmoja tuliyemwita Koko. Koko alikuwa mtu wa upande wa baba yangu. Hakujua Kialur, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea chumvi tu. Mama Veronika alikaa kwenye mkeka pale saa nzima, akitabasamu, haelewi neno, huku kizee akizungumza nami, akinifundisha majina ya vitu, akinichapa vidole kidogo nikikosea. Nilizichukia saa hizo. Nilidhani ni matendo ya huruma, kama yale tuliyofundishwa ya kuwatembelea wazee.

Sitaitaja lugha yenyewe, kwa kuwa siku hizi lugha za Ituri, jimbo letu, zimetumika kuwahesabia watu kuwa maadui, nami sitaki kuongeza.

Basi baba aliuliza, na kabla sijafikiri nikamjibu kwa lugha hiyohiyo, kwa adabu zake zote, kama Koko alivyonifundisha: kwamba yeye ni baba yangu, na kwamba awe na amani. Baba alifunika uso kwa kofia yake. Alikuwa amekuja akidhani atamchukua mgeni. Mabega yake yalitikisika, na Mama Veronika akainuka, akaenda kuangalia sufuria ambayo haikuwa motoni.

Miaka mingi baadaye, nilipokuwa nikifundisha katekisimu mwenyewe, yule sista wa kitabu cha ndege alinisomea habari za ndege mweusi. Ni kweli, hutaga mayai yake kwa watoto wa kinu na kuondoka. Mtoto wake hulelewa humo pamoja na wenzake, bila kuwasukuma nje, na hujifunza wimbo wa yule dume mwekundu anayemlisha. Halafu hukua, huwaacha, huenda kwa jamaa zake weusi. Akiwa huko huimba wimbo wa walezi wake, na ni kwa wimbo huo mwenzi wake humtambua, kwa maana naye alilelewa katika kiota cha namna hiyo. Nilipomsikiliza sista nikajiona nilivyokuwa mjinga jikoni siku ile. Niliiona ishara, nikaikatia katikati. Mwenye mistari alilishwa, ndiyo, wiki moja na siku kadhaa. Halafu asubuhi moja hakuwepo uani, na sikuwa na nafasi ya kujiuliza amekwenda wapi, kwa sababu nilikuwa nikifungiwa nguo zangu.

Lakini watoto wa kinu hawajui kwamba mtoto si wao. Mama Veronika alijua. Alijua tangu kile kitanda cha hospitali, na kila Jumapili kwa miaka sita alinipeleka kwa miguu yake mwenyewe kujifunza maneno ambayo yangeniondoa kwake.

Siku ya kuondoka lori lilikuwa liondoke saa mbili asubuhi. Alikuwa amenipikia mayai mawili na viazi, akayafunga kwenye jani la mgomba. Akanipaka mafuta magotini, akanitia alama ya msalaba kwenye paji la uso. Kisha akamwambia baba kwamba ana kazi shambani, palizi imemzidi, anatutakia njia njema. Akatoka. Aliteremka njia ya bondeni kwa hatua ndefu, wala hakugeuka nyuma. Sikuamini. Mama wa Roza alikuja kutusindikiza, Roza mwenyewe alilia kwa sauti mpaka akaaibisha watu, lakini mama yangu alikuwa amechagua magugu.

Nikipita mlangoni na furushi langu niliona jembe lake limeegemea ukutani, mahali pake pa kila siku. Nikamwambia baba kwamba Mama amesahau jembe, nimkimbilie. Baba alilitazama jembe, akanishika bega. "Liache," akasema. "Atalijia." Nikacheka kidogo kwa usahaulifu wake, kisha nikakasirika tena, na hasira hiyo nilisafiri nayo hadi Nizi na kupita.

Nilikwenda kumwona mara kadhaa. Mara moja, miaka ya themanini, nilimletea binti yangu wa kwanza akiwa na miezi mitatu. Alikuwa amezeeka, nyumba sasa ilikuwa na bati, jiko bado la nyasi. Siku hiyo nilipata ujasiri wa kumuuliza kwa nini hakunisindikiza kwenye lori.

"Nilikuwa na kazi ku shamba," akasema, akimpakata mtoto. "Huyu iko na njaa. Munyonyeshe."

Nikamnyonyesha. Alifariki miaka michache baadaye, akiwa ametayarishwa vizuri, amepakwa mafuta matakatifu, na mimi sikuwepo. Ndilo jambo ninaloliomba katika sala zangu zaidi ya mengine, kwamba anisamehe hasira ile ya siku ya lori.

Binti yangu yule alipofikisha umri wa kwenda kusoma mbali, alipata nafasi Kisangani. Alfajiri ya safari nilimpikia, nikamfungia, nikamtia alama ya msalaba. Gari lilikuwa lipite barabara ya Niania na lilikwisha kuwasha injini. Ghafla nikamwambia baba yake amsindikize yeye, mimi nina palizi. Nikatembea haraka, nikavuka kijito, nikafika kwenye mihogo yangu, nikainama kuanza kazi. Hapo ndipo nilipoitazama mikono yangu, haina jembe.